Kidole cha Haruni

Jumatatu, 1 Septemba

Nimehukumiwa. Bila shahidi, bila wakili, kwa tone moja la damu!

Nesi Safina wa zahanati yetu kanichoma kidole, katazama kimashine chake, katazama tumbo langu, kisha kasema sukari imepanda. Bado si kisukari chenyewe, kasema, ila kinabisha hodi. Niache soda. Niache juisi za pakiti. Niache juisi ya miwa. Chai isiwe uji wa sukari. Nikamwuliza kilichobaki ni nini. Akasema maji.

Maji! Mimi, Gharibu, dalali ninayejulikana kutoka Bungu hadi Ikwiriri, mtu wa viwanja, pikipiki na kaa wa delta, nimalizie umri wangu kama ng'ombe kisimani.

Kibaya zaidi, jirani yangu Husseini alikuwepo. Naye kapimwa, naye kaambiwa yaleyale. Badala ya kusikitika kama binadamu, kamshukuru nesi! Kasema anaacha leo hii. Watu wakampigia makofi. Nesi akatangaza kwamba mwezi huu watakuja wapimaji kutoka wilayani, na atakayekuwa ameshusha sukari vizuri kuliko wenzake atapelekwa semina Dar es Salaam. Hoteli. Chakula cha kujipakulia. Na picha yake itabandikwa ukutani zahanati awe mfano wa kuigwa.

Nikamwona Husseini akinyoosha kola.

Hiyo semina ni yangu.

Jumanne, 2 Septemba

Mke wangu Mwamini alijua kabla sijafika mlangoni. Katika mtaa huu habari hutembea kwa pikipiki. Asubuhi kopo la sukari halikuwepo mahali pake. Chai ilikuwa na rangi ya chai na ladha ya msiba.

Nikamkumbusha kwamba nesi alisema nipunguze, hakusema nife. Hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Baba Hadija," akasema, "mama yangu mimi nilimshika mkono mpaka anakufa. Kisukari kilimla macho, nikawa namwongoza hata chooni. Sina mkono mwingine wa kumwongoza mtu."

Nikasalimu amri. Mimi! Nikaapa palepale kwamba nimeacha. Niliapa kwa dhati, moyo wangu ni shahidi.

Ila jua la stendi leo lilikuwa la kuua. Na yule wa mashine ya miwa ndiyo kwanza amepasua barafu. Nikakaa nikafikiri kwa kina. Nesi mwenyewe anatuhimiza tule mimea. Muwa ni nini kama si mmea? Glasi mbili. Nikasukutua mdomo kwa maji, ambayo kwa kweli ndiyo aliyoniagiza.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimegundua kosa langu. Nilikuwa nanywea karibu na nyumbani.

Leo nikaenda Nyamisati kupokea kaa kwa niaba ya mteja. Pale gatini nani anamjua Mwamini? Nikakaa juu ya tenga la kaa nikajiburudisha. Ukwaju wa baridi kwanza. Kisha soda ya chungwa. Kisha nyingine, maana ya kwanza ilikuwa haijapoa sawasawa. Nyayo zilikuwa zinaniwaka kama nimekanyaga makaa. Viatu hivi havifai.

Mama mmoja anayekaanga samaki akanikaribisha kwa maneno matamu. Akaniuliza natoka wapi, naitwa nani, naonekana nina kiu. Nikamjibu yote. Ni nadra kupata mtu anayekusikiliza.

Jioni nafika nyumbani Kibiti, Mwamini yuko kizingitini na simu mkononi. Picha imefika kabla yangu! Imetumwa kwenye kundi la akina mama la mtaa. Mimi, kichwa nyuma, macho nimefumba, chupa mdomoni. Hata kaa aliyetoa gando tengani anaonekana kunisikitikia.

Yule mama ni shemeji yake Husseini. Delta nzima ile, visiwa vyote vile, nikaenda kukaa mbele ya shemeji yake Husseini!

Mwamini hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa afadhali.

Jumamosi, 13 Septemba

Husseini amepungua. Suruali anaikaza kwa kamba. Kila alfajiri anapita dirishani kwangu akitembea kwa miguu kwenda na kurudi, hana anachokifuata. Wanawake wanamsifu kisimani, msikitini wanamsifu, hata mwuza mkaa anamsifu.

Nikaona kama mimi siwezi kushuka, basi yeye na apande.

Jana nilikwenda dukani kwa Bhavik, yule wa jumla karibu na barabara kuu, nikaagiza kreti ya soda mchanganyiko ipelekwe kwa Husseini bila jina la mtumaji. Bhavik akauliza kama kuna shughuli. Nikasema ipo. Akasema Husseini si ameacha? Nikamwambia ndiyo maana ni zawadi. Bhavik akaguna, kisha akamwita mpakiaji.

Nililala usingizi mzuri. Nilimwona Husseini ndotoni akifungua chupa kwa meno.

Leo maulidi ya madrasa. Nimekaa mkekani na kanzu yangu iliyopigwa pasi, mara kipaza sauti kinatangaza kwamba ndugu yetu Husseini ametoa kreti nzima ya soda kwa ajili ya watoto wa madrasa, na tumwombee Mola amzidishie. Mkutano mzima: Amina! Nami nikaitikia Amina. Ningefanyaje? Nimemnunulia Husseini thawabu!

Watoto walipomaliza ikabaki chupa moja. Ile nyekundu, inatoka jasho. Ustadhi, kwa heshima, akaniletea mimi mbele ya watu wote. Upande wa pili pazia la wanawake likasogea kidogo, nikaliona jicho la Mwamini.

Nikakataa. Nikasema nimeacha. Watu wakanisifu. Sijapata kusifiwa kwa uchungu namna ile.

Jumatatu, 15 Septemba

Mdogo wangu Haruni kaja na basi la Mloka. Kaleta matikiti machache. Mengine yote tembo wameyala. Kasema anakesha juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, akipiga debe, na tembo siku hizi wamelizoea debe, wanaliona ni ngoma.

Haruni amekonda! Mashavu yameingia ndani, shati linaning'inia kama limetundikwa. Nikamsifu. Nikamwambia angalau mmoja katika ukoo wetu anajua kujitunza. Hanywi soda wala juisi, huko dunguni atazipata wapi? Ni maji tu. Na anayanywa! Ameikomba ndoo ya kunywea, Mwamini akajaza tena, akaikomba tena, kisha chooni, arudi, aombe maji. Mwamini akasema shemeji hana hali nzuri. Nikamwambia huyo ni mtu wa shamba, ana kiu ya shamba.

Nikiwa namtazama anavyokunywa, wazo likanishukia. Nywele zilinisimama.

Mimi na Haruni mama mmoja, baba mmoja, pua moja. Wapimaji wa wilaya wanakuja Alhamisi, hawanijui wala hawamjui. Nesi Safina siku hiyo atakuwa chumba cha pili na kliniki ya watoto. Kadi ina jina, haina picha.

Ndani ya mwili huu mkavu imo damu safi ya mtu anayekunywa maji. Na kidole ni kidole.

Jumatano, 17 Septemba

Haruni ni mgumu. Akauliza kama hiyo si dhambi. Nikamwambia si dhambi, ni uwakilishi. Watu huwakilishwa mahakamani, huwakilishwa hata kwenye ndoa, itakuwa kidole? Akasema hajisikii vizuri, anaona ukungu machoni, angependa arudi Mloka mapema. Nikamwambia ni moshi wa dungu, na kesho asubuhi tu, halafu nampeleka basini mwenyewe.

Akakubali. Haruni tangu utotoni hajawahi kunikatalia neno.

Nimepiga pasi shati la kuvaa hotelini.

Alhamisi, 18 Septemba

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Asubuhi nilimpa Haruni kadi yangu, nikamfundisha kuitika "Gharibu", nikamwacha kwenye foleni. Mimi nikajificha stendi. Simu nikaizima, Mwamini asije akapiga akasikia makelele ya stendi. Nikanywa kidogo kusherehekea. Kisha kidogo tena. Adhuhuri nikarudi nyumbani na chupa yangu mkononi, nikipiga mluzi.

Mlangoni viatu vya watu! Vingi. Ndani mikeka imetandikwa, wanaume wamekaa, mikono juu, Husseini anaongoza dua kwa sauti ya kulia. Nikajua pana jambo limempata mtu. Nikavua viatu, nikaketi nyuma kwa adabu, nikanyoosha mikono, chupa nikaibana magotini. Nikamnong'oneza mzee aliye pembeni yangu nikamwuliza ni nani.

Akajibu bila kufumbua macho: "Gharibu."

Nikasema, "Maskini!"

Ndipo nikasikia nilichosema. Naye mzee akafumbua macho. Akapiga ukelele ambao sijapata kuusikia kwa mtu wa umri ule. Dua ikakatika. Kila mtu akageuka. Husseini mikono juu, mdomo wazi, machozi mashavuni. Machozi ya kweli! Kwa ajili yangu. Nami nimekaa mkekani kwangu mwenyewe, chupa ya soda magotini, nikiombewa.

Nikauliza Mwamini yuko wapi. Husseini akasema kwa shida kwamba wapimaji walimchoma Gharibu kidole, mashine ikashindwa hata kusoma, sukari imepita mwisho wake. Gharibu akaanguka palepale kwenye benchi. Gari la wagonjwa limemkimbiza hospitali na Mwamini kafuata kwa bodaboda, analia.

"Sasa kama wewe uko hapa," Husseini akauliza, "aliyeanguka ni nani?"

Nilikuwa tayari nje, peku.

Ijumaa, 19 Septemba

Naandikia kwenye benchi la wodi.

Jana Mwamini alifika, akaambiwa mume wake yuko kitanda cha mwisho, akamkimbilia, akavuta shuka, akamkuta shemeji yake. Anasema kwa muda alidhani ugonjwa ndio ulionibadilisha. Mimi nilipoingia kwa miguu yangu miwili, akanitazama kama mtu aliyefufuka bila kuombwa.

Daktari ni kijana mdogo na hana adabu hata chembe. Alikuwa ameshika kadi yangu.

"Hii inasema kilo tisini na nne," akasema. "Huyu aliyelala hapa hafiki sitini. Dawa yake tunapima kwa uzito, mzee. Tungeiamini karatasi yako, ungekuwa unachimba kaburi sasa hivi. Umemleta mdogo wako hapa bila jina lake!"

Nikataka kumweleza habari ya uwakilishi. Alikuwa ameshanipa mgongo.

Haruni amelala na dripu mkononi, midomo imepasuka. Nikashika mguu wake. Mkavu kama kuni. Mguu uleule niliokuwa nikiuvuta tulipokuwa wadogo ili nishinde mbio. Kumbe ile kiu haikuwa ya shamba. Kule kukonda hakukuwa kujitunza. Ana kisukari, na pengine ni cha muda mrefu, na mimi nilimsifu!

Nikalia. Mwamini akanipa upande wa khanga nijifute, kisha akaurudisha haraka kama aliyekumbuka amenikasirikia.

Ya Rabi, nimekwisha.

Jumapili, 21 Septemba

Haruni kafumbua macho. Alhamdulillahi! Kaomba uji. Kapewa usio na sukari, kaunywa bila kulalamika. Anasema kule shambani alikuwa haoni tena vizuri, kuna siku alipigia debe kisiki mpaka asubuhi akidhani ni tembo.

Akanishika mkono.

"Kaka," akasema kwa sauti ndogo, "usingenituma kwa ujinga wako, ningepanda basi nikafie juu ya dungu, wasinione mpaka tembo wamalize shamba."

Nimeyarudia maneno hayo moyoni siku nzima. Nikafie juu ya dungu. Usingenituma. Kwa maneno mengine, nimemwokoa! Wapimaji wote wale, manesi wote wale, na aliyegundua ugonjwa wa Haruni ni nani? Aliyemfikisha kwenye sindano ni nani? Nikamweleza Mwamini mambo yalivyo. Nikasema labda hata ile picha ya ukutani wangeifikiria upya.

Mwamini akasema, "Namshukuru Mungu kwa Haruni. Wewe bado hujapimwa."

Nikamletea na hoja nyingine, nzito. Haruni hanywi soda, na ona alipolala. Mimi nazinywa, na ona niliposimama. Basi tatizo haliko kwenye soda! Nesi Safina alikuwa kaja kumjulia hali mgonjwa, akanisikia. Akasema kisukari kina njia nyingi za kuingilia kwa mtu, ya Haruni hawajaijua bado. Yangu wanaijua, inapita chupani.

Huyu binti ana jibu la kila kitu.

Jumatano, 24 Septemba

Nimepelekwa kupimwa. Mwamini kashika mkono wa kushoto, Nesi Safina wa kulia. Kidole changu mwenyewe safari hii.

Imepanda. Si kidogo. Hakibishi hodi tena, nesi kasema, kimeshaingia ndani na kimeketi. Akanivua viatu, akanigusa nyayo kwa kijiti, akaniuliza nasikia wapi. Sehemu nyingine sikusikia kitu. Nikamwambia nimesikia. Akasema hapo alikuwa hajagusa.

Vidonge asubuhi, vidonge jioni. Kutembea. Maji.

Mwamini alitangulia kutoka. Alitembea mbele yangu mpaka nyumbani, haraka, bila kugeuka, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilimwita mara kadhaa. Sikupata pumzi ya kumfikia.

Na Husseini amechaguliwa. Picha tayari iko ukutani, katabasamu mpaka magego. Jioni alikuja kuniaga, kesho anapanda basi la Dar. Akasema hana kinyongo na lolote, hata na ile kreti, maana Bhavik alimwambia tangu siku ya kwanza. Tangu siku ya kwanza! Akasema akirudi angependa tutembee pamoja alfajiri, taratibu, kwa mwendo wangu.

Nikasema nitafikiri. Nikafunga mlango. Nilikaa kitandani nikatazama lile shati la hotelini mpaka adhana ya Magharibi. Sijui kwa nini wema wa mtu yule unaniuma kuliko nyayo.

Jumatatu, 29 Septemba

Siku tukufu! Sijui nilikuwa wapi miaka yote hii.

Leo ni kliniki ya sukari, nikampeleka Haruni. Anaendelea vizuri, amejifunza kujichoma sindano mwenyewe. Kasema tukae wote tusikilize ushauri. Nikamwambia asikilize kwa niaba yangu, mimi nitakaa nje nipate hewa.

Basi nimekaa nje, natazama. Watu! Wametoka Mahege, wametoka Umwe, wengine wamesafiri tangu alfajiri kutoka visiwani. Benchi zimejaa mpaka getini, jua linawapiga utosini. Na wote, kila mmoja wao, wana kiu. Si kiu ya kawaida. Ni kiu ya kushika koo, midomo inawakauka, wanauliza maji wapi. Nikainuka nikazunguka uzio wote. Hakuna hata mtu mmoja anayeuza kinywaji. Hata mmoja!

Umati wenye kiu, kila Jumatatu, na hakuna mpinzani. Mwenyezi Mungu akitaka kumpa mja wake riziki amwonyeshe nini tena?

Nimetoka mbio kwa Bhavik kuazima friji lake dogo. Akaniuliza nataka kuuza nini, na wapi. Nilipomweleza, alikaa juu ya gunia la mchele akashika kichwa. Bila shaka anajuta kwamba wazo hili hakulipata yeye, maskini. Mwishowe nimepata deli la mtu mwingine, lile sanduku la kuhifadhia vinywaji vya baridi. Nimenunua ubuyu wa kukorogea juisi, nimenunua arki ya vanila, na mfuko mzima wa sukari, maana ubuyu bila sukari ni adhabu, na hawa watu wameshaadhibiwa vya kutosha. Mwamini nimemwambia ninashughulika na jambo la kuwasaidia wagonjwa. Kwa mara ya kwanza tangu yale mambo, amenitazama kwa upole.

Mahali nimeshapachagua. Mkono wa kulia wa geti, kivulini, pale wanapopita wakitoka kupewa ushauri.

Nimekoroga deli la kwanza na kulionja mwenyewe. Vikombe vinne. Mwenye biashara lazima ajiridhishe.

Bado inataka sukari kidogo.